Kitabu Kilichokuwa Ndani ya Kinu

Mwanangu Sidi,

Salamu sikuandikii, maana umelala chumba cha pili na sasa hivi nimekusikia ukikohoa. Hali yako naijua. Yangu nayo unaijua: goti la kushoto, na lile tumbo ambalo mama yako asema hufika kanisani kabla yangu. Tuyaache hayo.

Maagizo nayo sikupi. Mama yako amekupa tangu Jumatatu, ya blanketi, ya kufunga sanduku kwa kamba mbili, ya kutokula chakula cha watu usiowajua ndani ya gari la moshi, na nikiongeza langu moja utasahau yake matatu. Huko chuoni wanasema kuna baridi. Mimi sijafika mbali kuliko Voi, na nilipofika nilikuwa nimesinzia, kwa hiyo sina la kukueleza juu ya bara.

Juu ya sanduku lako, chini ya barua hii, pana kitu kimefungwa kwa gazeti. Usikifungue kwanza. Najua hutanitii, hukunitii ulipokuwa na miaka kumi na miwili, na ndiyo sababu barua hii ipo. Lakini kosa si lako. Nyevu hakukichukua kile kitabu. Nilikichukua mimi. Nimeliandika neno hilo hapa juu nisije nikazunguka zunguka mpaka wino uishe, maana baba yako unamjua.

Sasa nitakueleza, na ukitaka kukasirika usingoje nimalize.

Unakikumbuka chenyewe: jalada la kijani, picha ya kiti kitupu, na kwenye ukuta kivuli cha mtu aliyekikalia. Kilitoka kwenye kabati la shule yenu, hadithi za mizimu kwa Kiingereza chepesi, zimeandikwa kwa watoto wa miaka kumi, kumi na miwili hivi. Vita vilikuwa vimepamba moto wakati ule. Wewe na Nyevu mlikuwa mkikaa kibarazani pa jiko alasiri, vichwa vimegusana, yeye ukurasa wewe ukurasa, mnapiga ukelele kidogo halafu mnacheka. Nyevu alikuwa binti wa mgema, nyumba ya pili baada ya bomba la maji, na kwetu hapa alikula mara nyingi hata mama yako akawa anamhesabu bila kufikiri.

Mwaka ule ndio niliofanywa mzee wa kanisa. Cheo kilikuwa kipya, kinanibana kama kiatu. Nikasimama mlangoni nikakuita.

"Abee, baba."

"Hicho ni kitabu gani?"

"Cha hadithi, baba."

"Hadithi za nini?"

Ukamtazama Nyevu. Nyevu, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu, akanijibu yeye. "Za watu waliokufa wakakosa kazi, baba."

Ilibaki kidogo nicheke. Badala yake nikawapa hotuba. Sijui kama unaikumbuka, natumaini huikumbuki. Nilisema nyumba hii iliachana na mambo ya koma zamani. Koma, kwetu Rabai, ni wazee waliokufa: wanachongewa kijiti, kinasimamishwa, na mara kwa mara wanamwagiwa uji au tembo la mnazi wasijione wamesahauliwa. Mimi nilipobatizwa niliyakataa hayo mbele ya baba yangu mwenyewe, na niliyakataa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Sasa sikuona vipi niyafukuze Rabai kisha yaingie Changamwe kwa mlango wa nyuma, yamevaa koti la Kizungu.

"Kirudishe shuleni kesho," nikasema.

"Ndiyo, baba."

Hukukirudisha. Ulikificha ndani ya kile kinu kilichopasuka, nyuma ya jiko, ukafunika kwa ungo mbovu. Palikuwa pahali pazuri pa kuficha kitu, na pangebaki pazuri kama siku ya tatu mama yako hangesema kuni zimekwisha. Nikaenda kukipasua kinu kile, nikainua ungo, na kiti kitupu kikanitazama.

Nia yangu ya kwanza, na hili naomba uliamini ingawa sina haki ya kuomba kuaminiwa, ilikuwa nikipeleke mwenyewe kwa mwalimu wenu nikitoka kazini. Nikakitia kwenye mkoba pamoja na mihogo ya kuchemsha, nikaenda zangu getini. Kinu nikakiacha, kuni nikazitafuta kwingine. Jambo hilo peke yake lingenionyesha kuwa moyo wangu haukuwa safi, maana mtu mwenye nia njema angekipasua.

Kazi ya geti la reli umeiona. Gari la moshi linakuja, nafunga barabara, linapita, nafungua. Katikati ya gari moja na jingine mtu anakaa kibandani na jua la saa sita linachemsha bati, na hana la kufanya ila kusikiliza nzi. Nikatoa muhogo. Muhogo ukatoka na kitabu. Nikasema nitaangalia ukurasa mmoja, nijue ubaya wake, nikifika kwa mwalimu nisiongee kwa kubahatisha.

Sidi, nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kile kilikuwa kitabu cha kwanza cha Kiingereza maishani mwangu nilichosoma bila kukwama. Barua za ofisini hunichosha. Nasoma mstari, narudi, nauliza watu. Hiki kilinipokea. Kilikuwa kimeandikwa kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na nikagundua kuwa kwa Kiingereza ndio umri wangu. Hadithi ya kwanza ile ya kiti: kila watoto wanapogeuza macho, kinakuwa kimesogea karibu na meza, kidogo tu, upana wa kidole. Unaijua. Niliisoma huku nikiitazama stuli yangu ya kibandani. Nilikuwa na hakika haikuwa pale nilipoiacha.

Na raha, mwanangu. Hilo ndilo sijawahi kulisema popote, hata kanisani siku za watu kuungama. Nilisisimka nywele za mikono mchana kweupe, jua kali, jasho linanitiririka, na nilikuwa nafurahi. Mwaka ule kulikuwa na mambo ya kweli ya kuogopa. King'ora kilikuwa kinalia mjini hata hapa tunakisikia. Wanawake wa mtaa huu walikuwa wakimwona tarishi wa simu anakuja na baiskeli wanaingia ndani kufunga mlango, kana kwamba habari ya mtoto aliyeko vitani haiwezi kupita penye mlango uliofungwa. Hofu ile ilikuwa haina jalada. Ya kitabuni ilikuwa nalo: ikizidi, nafunga, nakula muhogo, nafungua tena. Nikarudi nyumbani jioni mwepesi kama mtu aliyetoka kuoga, kitabu kimo mkobani, na nyumba ya mwalimu nimeipita.

Kesho yake nikasema nitamaliza hadithi ile tu.

Siku ya nne ndiyo ya ng'ombe. Hii hujawahi kusikia ukweli wake. Nilikuwa kwenye hadithi ya kabati, ile ambayo mtu anabisha hodi kutoka ndani. Nimefika pale msichana anaposhika kitasa. Na katika kibanda changu mna kabati la bendera na taa, na ndani ya kabati lile, wallahi, naomba Mungu anisamehe kwa kiapo lakini hakuna neno jingine, kitu kikabisha. Mara tatu.

Sikumbuki kutoka. Nakumbuka niko katikati ya reli, bendera nyekundu mkononi, na gari la mizigo linakuja kutoka kisiwani, nami nampungia dereva kama mtu anayefukuza nyuki. Likasimama. Unajua gari la mizigo linavyosimama: mabehewa yote yanapigana vikumbo mpaka nyuma kabisa. Dereva akateremka.

"Kuna nini?"

"Ng'ombe," nikasema.

Akatazama mbele, akatazama nyuma. "Yuko wapi?"

"Amekwisha pita."

"Wa rangi gani?"

Ningeweza kusema mwekundu, ningeweza kusema wa madoa, ng'ombe wa kila mtu. "Mweupe," nikasema, maana nilikuwa bado niko na yule msichana na kabati lake, na mle ndani kila kitu kilikuwa cheupe. Dereva akaandika: ng'ombe mweupe. Mimi nikaandika kwenye daftari la geti: ng'ombe mweupe. Musyoka, mwenzangu wa zamu, Mkamba yule wa meno ya mbele yaliyoachana, akaja kunipokea, akafungua kabati, akatoa kuku wake aliyekuwa akitagia humo.

"Bwana," akaniambia, "ng'ombe wako ameacha mayai matatu."

Tangu siku ile huniita Bwana Ng'ombe, na wewe umekuwa ukicheka ukidhani ni kwa sababu ya mwili wangu. Nilikuacha udhani hivyo. Afadhali mnene kuliko mwoga, na afadhali mwoga kuliko lile lililofuata.

Maana siku ileile wewe uliinua ungo ukakuta kinu kitupu.

Nimejaribu mara nyingi kuiona siku ile kwa macho yako. Aliyejua mahali pale ni wewe na Nyevu peke yenu. Mimi nilikuwa nimekwisha kukukataza, kwa hiyo kwangu usingeuliza. Ulimfuata Nyevu bombani, mbele ya wanawake na madebe yao, ukamwita mwizi. Mama yako alikuwepo foleni. Aliniambia Nyevu aliweka debe lake chini, limejaa nusu, akaondoka akaliacha.

Na ikaletwa kwangu. Ndiyo, kwangu, kwa mzee wa kanisa. Jumapili baada ya ibada mlikalishwa kwenye mkeka hapo sebuleni, wewe hapa, yeye pale, mama zenu nyuma yenu, na mimi kwenye kiti. Mkoba wangu ulikuwa miguuni pangu kwa sababu nilikuwa naingia zamu mchana. Kitabu kilikuwa ndani. Nilikuwa nimebakiza hadithi moja.

"Nyevu," nikasema, "ulikichukua kitabu?"

"Sikukichukua, baba."

"Unajua kuwa Mungu anaona."

"Najua, baba. Naomba amwambie Sidi."

Nilihisi kona ya jalada inanigusa kisigino kupitia kitambaa cha mkoba. Sikuuondoa mguu. Nilikuwa na nafasi pale, Sidi. Ilikuwa pana kama mlango wa ghala. Ningeinama, ningekitoa, mngenitazama wote wanne, ningeona haya nusu saa, na mngecheka mwaka mzima. Badala yake nikasema, "Basi tuombe." Nikaomba dua ndefu. Niliomba Mungu aulainishe moyo wa yeyote aliyekuwa na kitabu kile. Nikaomba roho ya msamaha. Nikamsamehe Nyevu, mbele ya mama yake, kwa kosa langu mimi, nikafumba macho ili nisimwone akisamehewa.

Mama zenu waliitikia amina. Nyevu hakuitikia. Nilimsikia asivyoitikia.

Baada ya hapo utasema mbona sikukirudisha kimyakimya. Ningekirudisha vipi? Kikionekana kabatini, mwalimu atauliza kimetoka wapi. Nikikirudisha kinuni, wewe utajua ni mtu wa nyumbani. Nilipanga mipango ya kila namna, ningekiacha stesheni kama kitu kilichookotwa, ningempa Musyoka akipeleke, na kila mpango ulikuwa unaanza na uongo mpya. Nilichokifanya kwa kweli ni kungoja. Nilingoja wiki ipite, nikangoja muhula uishe. Kukichukua kulikuwa kazi ya siku moja, na ningeweza kukufanyia mzaha. Miaka mitano iliyobaki nilikuwa nalinda heshima tu, na hiyo sina namna ya kuifanyia mzaha, ingawa unaona ninavyojitahidi.

Wewe ulinyimwa vitabu vya shule mwaka mzima kwa kukipoteza kile. Nilikuwa nakuona ukisoma vipande vya gazeti vilivyofungiwa sukari, unavinyoosha kwenye goti, unasoma habari isiyo na mwanzo wala mwisho. Nilikuwa nakuona, nikiwa na kitabu kizima mkobani. Siku moja ukaniuliza neno lililokatwa katikati lingeishaje. Nikakujibu sijui, nikatoka nje.

Na Nyevu alitolewa shule. Hili hukuwahi kunisikia nikilitaja, na wewe uliacha kulitaja pia. Baba yake alikuwa hakumpeleka kwa moyo mweupe tangu mwanzo. Mama yake ndiye aliyeng'ang'ana. Baba alipopata habari ya bombani akasema kama shule inamfanya mwanawe aitwe mwizi mbele ya watu, basi akae nyumbani ashone makuti, makuti hayana maneno. Alikuwa wa pili darasani, nyuma yako kwa kidogo, na mwaka uliotangulia wewe ndiye uliyekuwa nyuma. Kesho unakwenda kusomea ualimu. Naandika hivyo, nasimama, natazama ukuta.

Mama yako alijua. Si tangu mwanzo. Mwaka wa pili hivi, aliuinua mkoba wangu kunitilia chakula, akaupima kwa mkono. "Baba Sidi," akasema, "muhogo wako una kurasa." Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele, na hakuninyanyulia sauti. "Utamwambia lini?" Nikasema nitamwambia. "Mimi simwambii," akasema. "Hilo si langu." Tangu hapo kila mwaka mpya unapoingia huniuliza swali hilohilo, mara moja tu. Usimkasirikie. Alikuwa akiniachia mlango wazi, mimi ndiye niliyekuwa naogopa kupita.

Nikwambie sasa juu ya ile hadithi ya mwisho, lakini kidogo, na utaona kwa nini ni kidogo. Ni ya mzee aliyekufa ambaye kila jioni anakuja kwenye geti la bustani ya nyumba iliyokuwa yake. Watoto wanasikia komeo linainuliwa, linashushwa, linainuliwa. Haingii. Watu wazima wanatia kufuli. Kesho yake komeo linainuliwa tena. Niliisoma siku ileile ya dua, mchana, kibandani, na mikono yangu iko kwenye geti langu mwenyewe. Nikamkumbuka babu yako. Alikufa mwaka mmoja baada ya ubatizo wangu. Kijiti chake walikisimamisha ndugu zangu. Mimi sikwenda. Nilituma ujumbe kwamba mimi ni Mkristo.

Sikulia, kama unafikiri hivyo. Nilifungua barabara, watu wakapita na mikokoteni. Lakini nilikuwa nimemkataza mtoto wangu kitabu kwa kuwa kina wafu, na wafu wa mle ndani hawakuwa wanataka kitu chochote cha kutisha. Kiti kinataka kukaribishwa mezani. Wa kabatini amejifungia mwenyewe kwa mchezo, hakuna aliyekuja kumtafuta. Hukufika huko, samahani, hiyo nimekuharibia. Lakini niliiharibu zamani. Baada ya kitambo nilikwenda Rabai peke yangu, nikimwambia mama yako naenda kuona shamba. Sikumwaga uji wala tembo. Nilisimama mbele ya kile kijiti, mchwa wameanza kukila mguu, nikavua kofia. Nikasema, "Shikamoo, baba." Basi. Sijui mchungaji angesema nini. Sikumuuliza.

Ningetaka kukwambia kwamba nilirudi siku ile nikaja kukueleza yote. Nilirudi nikala wali.

Kilichonisukuma ni wewe kupata nafasi ya chuo. Barua ilipokuja uliisoma mara mbili, halafu ukauliza, bila kumtazama mtu, "Nyevu siku hizi yuko?" Mama yako akasema yuko, posa imeletwa, baba yake anaifikiria. Ukasema, "Aa," ukaikunja barua. Nilikuona, Sidi. Ulikuwa na furaha iliyokatwa kipande, kama yale magazeti ya sukari.

Basi Jumamosi iliyopita nikavaa kanzu nzuri, kitabu mkononi, bila mkoba, nikaenda kwa mgema. Nilikuwa nimejiandaa tukae chini, tunywe maji, niingie taratibu. Mgema alikuwa juu ya mnazi.

"Hodi," nikasema kwa chini.

"Karibu, mzee wa kanisa," akaitikia kutoka juu, na watu wa nyumba tatu wakageuka. "Leo umekuja kunywa?"

"Nimekuja kusema neno."

"Ngoja nishuke."

"La, usishuke," nikamwambia. "Ukishuka nitakimbia. Nisikilize hukohuko."

Na nikaungama, mwanangu, kichwa nimekiinua, mkono kwenye paji la uso kukinga jua, kwa sauti ya kufika kwenye makuti ya mnazi mrefu. Mtaa mzima ulisikia, isipokuwa wewe uliyekuwa mjini na mama yako, na nimewaomba wote wakuachie ulisikie kwangu. Akina mama wa bombani waliacha maji yamwagike. Mtu mmoja wa kwaya yetu alikuwa anapita na baiskeli, akashuka, akasimama kuishikilia. Kitabu nilikuwa nimekiinua juu, ili akione. Nilipomaliza nikasikia kisu chake kikikata, tap, tap.

"Miaka mingapi?"

"Mitano."

"Na ulikuwa nacho siku ile ya dua?"

"Nilikuwa nacho. Miguuni."

"Dua ilikuwa ndefu, mke wangu alisema."

"Ndefu."

Kisu kikasimama. "Mimi ndiye niliyemtoa shule," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya juu ya mti. "Nilimwambia amenitia aibu. Alikuwa hajafanya kitu." Akakichomeka kisu kiunoni. "Nenda ukamwambie mwenyewe. Yuko nyuma. Mimi nitabaki huku kwanza."

Nyevu alikuwa anashona makuti, amekaa na fimbo ya kuti imelala kwenye mapaja. Amekuwa mrefu. Alikuwa amesikia, nani hakusikia; lakini nilimweleza tena, chini kwa chini, nikiwa nimechuchumaa na goti langu linalia. Hakusimamisha mikono. Nilipofika mwisho akasema, "Mimi nilidhani ni Sidi mwenyewe. Nilidhani amekirudisha shuleni kwa kukuogopa, akaona haya kuniambia, akaona bora aniite mwizi." Akapitisha ukambaa wa kushonea, akaukaza. "Miaka yote hiyo nimemchukia kwa jambo ambalo hakulifanya."

"Na yeye hivyo hivyo," nikasema.

"Na yeye hivyo hivyo."

Nilingoja aseme amenisamehe. Hakusema, na sikuwa na la kudai. Msamaha wa nyumba hii nilikwisha kuutumia vibaya. Nikaona nifanye kitu. Nikamwambia, nikusomee ile hadithi ya mwisho, ambayo hamkuifikia? Hapa hapa, wanisikie wote.

"Hiyo usinisomee, baba," akasema. "Tuliahidiana na Sidi. Yeye ukurasa, mimi ukurasa."

"Kiingereza chako bado kipo?"

"Kimebaki kidogo." Ndipo akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule aliyesema waliokufa wakakosa kazi. "Kitatosha mizimu."

Nikamwambia nitakueleza. Akasema nisikuachie uandike barua. "Mwambie aje yeye. Barua sizipendi. Anayeandika anakuwa ameshaondoka."

Na unaona mimi niko hapa, ukuta mmoja kati yetu, naandika. Siku tatu nilikuwa nakukaribia, nasema "Sidi," unaitikia "abee," nauliza kama kamba ya sanduku inatosha. Kwa mgema nilipiga kelele mpaka juu ya mnazi. Kwa binti yangu nimeshindwa na meza ya kulia chakula. Sikuombi unione mtu mwema kwa sababu ya barua hii. Imeandikwa na mwoga, kwa wino mzuri. Asubuhi utanikuta uani, kwenye kile kinu, nimekigeuza kiti. Njoo uniambie chochote unachotaka, kwa sauti yoyote, na safari hii sitaomba dua.

Kisha chukua hicho kifurushi uende kwa Nyevu. Gari la moshi halipiti hapa kabla ya alasiri. Kitabu mkimaliza mwachie yeye, asome ya kwanza tena mpaka Kiingereza chake kirudi. Kwa mwalimu wenu mkuu nimekwisha kwenda jana. Nimemwambia kilikuwa wapi, na nimemuuliza kama msichana wa miaka kumi na saba anaweza kukaa na watoto wa darasa aliloliacha. Amesema atafikiri. Baba yake anafikiri, mwalimu anafikiri. Mimi nimewaambia wote wawili nitakuja kuuliza kila wiki, na wanajua sina haya tena ya kuongea barabarani.

Mwisho wa ile hadithi sikwambii. Nimeisoma mara kumi na moja na bado nikifika pale komeo linapoinuliwa nageuka kutazama nyuma. Msiikimbize. Someni kama zamani, na mkifika pa kupiga ukelele pigeni.

Zamu ya geti kesho alasiri ni yangu. Nimebadilishana na Musyoka makusudi, ili mama yako akupeleke stesheni na mimi nikuone ukivuka geti mkienda huko. Nitakuwa na bendera ya kijani. Lakini kama saa itafika na nyinyi bado mko kwenye kurasa za katikati, usiinuke, mwanangu, usikate hadithi. Gari linanipitia mimi kabla ya kufika stesheni, na yule ng'ombe mweupe bado yuko Changamwe.

Ni mimi, wa chumba cha pili,
Baba yako